Meseji mara tatu, malipo mara mbili: klasta yangu ina shida gani?

*"Shikamoo mtaalamu. Niko Kigoma mjini, nasimamia mfumo wa kikundi cha wafanyabiashara wa dagaa. Makarani wetu walioko mialo ya Kibirizi na Katonga wanaingiza mzigo kwa simu: nani kaleta, viroba vingapi, bei gani. Mfumo unamtumia mnunuzi meseji, halafu unaagiza mwenye mzigo alipwe kwa simu. Mwanzoni tulikuwa na seva moja na shida yake ilikuwa umeme tu. Sasa tuna klasta (kundi la seva zinazofanya kazi pamoja) ya Kubernetes, programu inayosimamia makontena, yenye seva tatu, zote tumezipa kazi ya kuiongoza klasta: mbili ziko hapa ofisini, moja tumekodi Dar es Salaam. Kila seva ina kontena lake la kazi, yaani nakala ya programu yetu iliyofungashwa na vyote inavyohitaji. Meseji zinapita Redis, hifadhi ya haraka ya data, kwa njia ya kutangaza na kusikiliza. Malipo yako kwenye orodha ya Redis na makontena yanachomoa moja moja. Tangu tuhame, wanunuzi wanapata meseji tatu zilezile, muhtasari wa saa kumi na mbili jioni unakwenda mara tatu, mama mmoja kalipwa mara mbili, na malipo mengine hayakwenda na hayaonekani popote. Mtandao wa kwenda Dar ukikatika ndiyo balaa zaidi. Hifadhidata ni PostgreSQL, iko kwenye mashine yake hapa ofisini. Rafiki yangu anasema tuhamie Kafka, mfumo wa kupitisha ujumbe kati ya programu, kwa sababu inahakikisha ujumbe unafika mara moja tu. Ni kweli? Au turudi kwenye seva moja?"*

Marahaba, ndugu yangu. Nashukuru umeeleza kila kitu kilipo, maana kwa maelezo haya naweza kukuonyesha tatizo bila kubahatisha. Unachouliza hasa ni hiki: seva zikiwa nyingi, nani anahakikisha kazi moja inafanywa na mmoja, tena haisahauliki? Jibu fupi ni kwamba hakuna chombo cha kununua au kupakua kitakachokuhakikishia hilo peke yake. Lakini unaweza kuupanga mfumo wako hivi kwamba kazi ikirudiwa isilete madhara, na ikikatika njiani ionekane. Hilo liko ndani ya uwezo wako, na sehemu kubwa ya vifaa unavyo tayari.

Kwanza nizitenganishe shida zako, kwa sababu umezieleza kama ugonjwa mmoja na wala si mmoja.

Meseji tatu si hitilafu. Redis inafanya kile ulichoiagiza. Njia ya kutangaza na kusikiliza inampa kila msikilizaji nakala yake. Ulipokuwa na kontena moja, msikilizaji alikuwa mmoja, meseji ikawa moja. Leo yako matatu, kila moja linasikia tangazo na kila moja linatuma. Na njia hiyo ina tabia nyingine ambayo pengine hujaiona bado: haihifadhi kitu. Kontena likiwa linawashwa upya wakati tangazo linapita, limelikosa moja kwa moja. Kwa hiyo siku makontena yote matatu yatakapokuwa chini, mnunuzi hatapata meseji tatu, hatapata hata moja. Njia hiyo ni ya mambo ambayo yakipotea hakuna anayeumia, mfano kuonyesha kwenye skrini nani yuko hewani.

Malipo yanayotoweka yana sababu nyingine. Kontena linapochomoa agizo kwenye orodha, agizo linaondoka Redis papo hapo. Kuanzia hapo liko kwenye kumbukumbu ya kontena peke yake. Umeme ukikatika sekunde ile, au Kubernetes ikaamua kulizima kontena ili kuweka toleo jipya, agizo limekufa nalo. Ndiyo maana hulioni popote: lilikuwa mahali pamoja tu, na mahali hapo hapapo tena.

Mama aliyelipwa mara mbili ndiye anayestahili maelezo marefu, kwa sababu ndipo watu wengi wanapopotea na ndipo rafiki yako alipopotea na Kafka yake.

Chukua mfanyabiashara wa Kigoma anayempelekea mwenzake wa Kalemie barua kwa meli ya mizigo: "Mpe fulani fedha yake." Siku zinapita, jibu halirudi. Je, barua ilizama njiani? Au ilifika, fedha ikatolewa, na kilichopotea ni jibu? Akiwa amesimama Kigoma hana namna ya kujua. Akiandika barua ya pili anaweza kulipa mara mbili. Asipoandika anaweza kuwa hajalipa kabisa. Na hata wakikubaliana kwamba kila jibu lijibiwe, jibu la jibu nalo linaweza kupotea. Tatizo hili lilielezwa kitaalamu mwaka 1975, na mwaka 1978 Jim Gray akaliita tatizo la majenerali wawili. Ilithibitishwa kwamba kwenye njia inayoweza kupoteza ujumbe, hakuna idadi ya barua inayomaliza shaka hiyo. Kwa hiyo hakuna programu yoyote itakayoimaliza.

Hicho ndicho kilichotokea kwako. Kontena lilituma agizo kwa kampuni ya malipo, likasubiri, jibu likachelewa, muda wa kusubiri ukaisha, programu ikaona "imeshindikana" na kutuma tena. Lakini haikushindikana. Ukweli ni kwamba haikujulikana. Katika programu yako hali hizi mbili lazima ziwe na majina mawili tofauti, na nakuomba hilo uanze nalo kabla ya kingine chochote.

Kafka ni chombo kizuri. Ilizaliwa LinkedIn, ikawekwa wazi kwa umma mwaka 2011, na tangu toleo la 0.11 la mwaka 2017 ina utaratibu wa kuchakata "mara moja tu". Utaratibu huo ni wa kweli, ila mipaka yake ni ya Kafka yenyewe: kusoma ujumbe kutoka Kafka, kuuchakata, na kuandika matokeo ndani ya Kafka ileile. Kampuni ya malipo iko nje ya mpaka huo. Meseji ya simu iko nje. Ungehamia Kafka leo, mama yule angelipwa mara mbili vilevile, na juu yake ungekuwa na mfumo mzito wa kuutunza.

Dawa inaanzia Kibirizi, kwenye simu ya karani. Pale anapobonyeza kuhifadhi mzigo, simu itengeneze namba ya kumbukumbu ndefu isiyojirudia, na namba hiyo iambatane na mzigo huo siku zote: ikifika kwenye seva, ikiingia hifadhidata, ikienda kwa kampuni ya malipo. Watu wengi huitengeneza namba pale kontena linapotuma agizo. Hapo umechelewa, kwa sababu kila jaribio linazaa namba mpya na kampuni ya malipo inaona maagizo mawili tofauti. Namba izaliwe pamoja na kazi, isizaliwe na jaribio. Faida ya pili utaiona mtandao ukisumbua: karani anabonyeza mara tatu kwa wasiwasi, simu inatuma mara tatu, lakini namba ni ileile. Safu ya namba hiyo kwenye PostgreSQL ukiiwekea sharti la kutojirudia, mara ya pili na ya tatu zinakataliwa bila maneno mengi.

Sasa uliza kampuni yako ya malipo maswali mawili kwa maandishi. Je, mkipokea agizo lenye namba ileile mara mbili, mnalipa mara moja au mbili? Na je, naweza kuuliza hali ya agizo kwa namba yangu mwenyewe? Wakijibu vizuri yote mawili, umepona: jibu likichelewa unauliza kwanza, na unarudia kwa namba ileile tu. Wakisema hawana huduma hiyo, basi agizo ambalo hali yake haijulikani lisirudiwe na mashine kamwe. Liwekwe pembeni, mhasibu alilinganishe na taarifa ya akaunti, kisha binadamu aamue. Inachosha, najua. Lakini fedha ya watu hairudiwi kwa kubahatisha. Kwa meseji nakuruhusu kulegeza: mnunuzi akipata meseji mbili mara mojamoja umeme ulipokatika, hakuna aliyedhurika, wala usijisumbue kujenga ngome kwa ajili yake.

Upande wa foleni, ushauri wangu ni uachane na Redis kwa malipo na utumie PostgreSQL uliyo nayo. Tengeneza jedwali la kazi: namba ya kumbukumbu, aina ya kazi, hali yake, imechukuliwa lini, imejaribiwa mara ngapi, ijaribiwe tena lini. Kubwa zaidi ya yote, mzigo na kazi zake viandikwe katika muamala mmoja wa hifadhidata. Ama vyote vimeingia, ama hakuna kilichoingia. Leo unaandika mzigo PostgreSQL kisha unatupa agizo Redis, na kati ya hatua hizo mbili kuna upenyo ambamo umeme unaweza kukatika. Mzigo upo, malipo hayapo, na hakuna anayejua.

Makontena matatu yatachukuaje kazi bila kugombana? PostgreSQL tangu toleo la 9.5 ina maneno mawili yaliyotengenezwa kwa jambo hili: SKIP LOCKED (ruka zilizofungwa), yanayowekwa mwishoni mwa SELECT, amri ya kusoma, yenye FOR UPDATE inayofunga safu zilizosomwa. Kontena la kwanza linafunga safu ya kazi linayoitaka. La pili likija, badala ya kusimama kusubiri, linairuka safu iliyofungwa na kuchukua inayofuata. Kontena lichukue kazi, liandike "imechukuliwa" pamoja na saa, lifunge muamala, ndipo likatume agizo kwa kampuni ya malipo. Usishikilie muamala wazi huku unasubiri jibu la nje, utaziba hifadhidata nzima. Saa nayo ichukuliwe kutoka hifadhidata yenyewe. Saa za seva mbili hazilingani, na mfumo unaoamini kila saa utakuja kufanya maamuzi ya ajabu.

Kazi iliyochukuliwa na haijakamilika baada ya, tuseme, dakika kumi, ni ya kontena lililokufa au lililokwama. Kama ni meseji, irudishwe kwenye foleni. Kama ni malipo, iende "haijulikani" na iulizwe hali. Unaporudia, usirudie mfululizo: ongeza muda wa kungoja kila mara, na uongeze kiasi kidogo cha kubahatisha ili makontena yasirudi yote kwa pamoja kuizidi nguvu huduma iliyoanza tu kuinuka. Baada ya majaribio kadhaa kazi ikae kwenye kapu la zilizoshindikana, na mtu apate taarifa. Kapu lisilotazamwa na mtu ni sawa na kupoteza.

Muhtasari wa jioni ni rahisi. Kila kontena lina ratiba yake ndani, kwa hiyo saa ikifika yote matatu yanaamka. Ondoa ratiba humo, tumia CronJob ya Kubernetes, yaani ratiba inayoendeshwa na klasta yenyewe, na uiwekee sera ya Forbid ili kazi isianze kabla iliyotangulia haijaisha. Maelezo rasmi ya Kubernetes yenyewe yanaonya kwamba kuna nyakati chache CronJob inaweza kuzaa kazi mbili au kutozaa yoyote, basi usiiamini peke yake. Kazi ikianza, iandike kwanza safu yenye jina "muhtasari" na tarehe ya siku, safu isiyoruhusiwa kujirudia. Atakayewahi ndiye atakayetuma. Jambo dogo la kuangalia: usipotaja majira ya saa (timeZone), ratiba hufuata saa ya seva za uongozi, ambayo mara nyingi ni ya Greenwich, na saa kumi na mbili jioni yako itageuka saa tatu usiku. Andika Africa/Dar_es_Salaam kwenye sehemu ya majira, ambayo imekuwa imara tangu toleo la 1.27.

Kuhusu makontena yanayozimwa: Kubernetes ikitaka kuzima kontena hutuma kwanza ishara ya SIGTERM, ombi la kufunga kazi, husubiri sekunde 30 usipoibadilisha, kisha hulikata bila huruma. Programu yako ikisikia ishara hiyo iache kuchukua kazi mpya, imalize iliyo mkononi, itoke. Angalia kitu kimoja nimekikuta mara nyingi: kontena linaanzishwa na skripti ya shell (faili la amri), na skripti ndiyo inayopokea ishara bila kuipitisha kwa programu. Programu haijui chochote, inakatwa katikati ya malipo. Kuweka neno exec mbele ya mstari wa mwisho wa skripti kunatosha kurekebisha.

Sasa niseme kuhusu seva zako zilivyopangwa, maana hapa sikubaliani na uamuzi wenu.

Kubernetes huweka kila inachokijua kwenye hifadhi inayoitwa etcd, na seva za etcd hukubaliana kwa utaratibu wa Raft, uliochapishwa na Diego Ongaro na John Ousterhout mwaka 2014. Msingi wake ni akidi, kama kwenye kikao: hakuna uamuzi bila zaidi ya nusu. Seva tatu zinavumilia kupotea kwa moja. Tano zinavumilia mbili. Mbili hazivumilii hata moja, na nne hazikuongezei kitu juu ya tatu. Ninyi mna tatu, lakini mbili ziko chini ya paa moja na umeme mmoja. Umeme wa ofisi ukikatika, ile ya Dar inabaki peke yake bila akidi. Makontena yaliyokuwa yakifanya kazi huko yataendelea, lakini hakuna jipya litakaloanzishwa, na hifadhidata yenyewe iko gizani Kigoma. Seva ya Dar haikuwaokoa na kile mlichoiogopa.

Mtandao ukikatika mambo ni mabaya zaidi, na umeyaona. Ofisi ina mbili, ina akidi. Isipoisikia Dar kwa chini kidogo ya dakika moja, inaiandika kuwa haipo. Baada ya dakika tano nyingine kwa kawaida inaanzisha makontena mbadala hapa ofisini. Lakini Dar haijafa! Haisikiki tu. Makontena yake hayajapata amri ya kuzimika, yanaendelea kufanya kazi kama yanaweza kufikia intaneti kwa njia nyingine. Sasa una wafanyaji wawili wa kazi ileile, kila mmoja akiamini ndiye halali. Halafu etcd kwa mipangilio yake ya kawaida hutuma mapigo kila milisekunde 100 na huitisha uchaguzi baada ya sekunde moja ya ukimya. Kuilazimisha ipumue juu ya intaneti ya zaidi ya kilomita elfu moja, inayoyumba, ni kuitesa. Ukifungua kumbukumbu zake za matukio (logi) na kuona kiongozi anabadilika mara kwa mara, ndiyo sababu.

Chaguo zako naziona tatu. Kurudi seva moja si aibu hata kidogo: kwa mizigo ya mialo miwili, seva moja nzuri, betri za akiba, na nakala ya hifadhidata inayopelekwa mahali pengine zinatosha, na ningelala usingizi. La pili ni kukodi seva zote tatu kituo kimoja Dar pamoja na hifadhidata, ofisi ibaki na kompyuta za kawaida tu. Hapo simu za makarani lazima ziweze kuhifadhi mzigo mtandao usipokuwepo na kuutuma baadaye, jambo ambalo ile namba ya kumbukumbu tayari imelirahisisha. La tatu ni kubaki mlivyo, na hilo sikushauri. Kati ya mawili ya kwanza, kama hakuna mtu wa pili ofisini anayeifahamu Kubernetes, chagua seva moja. Mfumo unaotegemea kichwa cha mtu mmoja huzimika siku mtu huyo akipanda treni kwenda msibani.

RabbitMQ, chombo kingine cha foleni za ujumbe, nayo ni nzuri, hata kuliko Kafka kwa shughuli yako: inashikilia ujumbe mpaka kontena likiri kuwa limemaliza, na foleni zake za akidi hunakiliwa kwenye seva kadhaa kwa Raft. Ikifika siku mna programu nyingi tofauti zinazopeana kazi, au jedwali la kazi linaanza kuilemea hifadhidata, ifikirie. Redis unaweza kubaki nayo kwa meseji ukitumia Streams, zilizokuja toleo la 5.0, ambazo zina vikundi vya wasomaji na kukiri. Yote mawili yanaweza kuleta ujumbe uleule tena, kwa hiyo namba ya kumbukumbu utaihitaji kokote utakakokwenda.

Usifanye haya yote wiki moja. Malipo kwanza, meseji baadaye. Kuhama seva kusubiri kipindi ziwa limefungwa kwa uvuvi, kama ilivyokuwa katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024, mizigo inapokuwa michache. Ukimaliza malipo, fanya jaribio na fedha ndogo za namba zenu wenyewe: ingiza mizigo kadhaa, na katikati ya kazi uchomoe waya wa seva moja ukutani. Hesabu mizigo iliyoingia na iliyolipwa. Rudia kwa kukata mtandao badala ya umeme, maana matokeo hayafanani.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayawezi kuyatibu. Kama hesabu za malipo tayari hazilingani, simamisha leo hii urudiaji wa mashine, kaa na mhasibu wenu na mtu wa kampuni ya malipo, mpitie agizo kwa agizo. Mama aliyelipwa mara mbili aelezwe kwa heshima, kosa halikuwa lake. Kama hamjawahi kurejesha hifadhidata kutoka kwenye nakala na kuona inafunguka, tafuteni msimamizi wa hifadhidata aje afanye nanyi, ana kwa ana, kabla hamjagusa kitu. Na mkiamua kuhama na klasta nzima, msihame bila mtu aliyewahi kuhamisha etcd. Huyo akija, mwonyeshe kwanza mchoro wa umeme na mtandao wa ofisi, kumbukumbu za etcd za siku mtandao ulipokatika, na orodha ya malipo yenye hali isiyojulikana. Msimbo atausoma baadaye.